Mwanga wa Nyuma ya Kioo

Bi harusi alitoka kijani.
Si gauni, uso. Shavu la Haikaeli, harusi ya Kibosho,
limekaa rangi ya ndizi mbichi,
na mama yake akanipigia kabla sijanywa chai,
hakunisalimu: "Manka, mwanangu anaumwa?"

Nilikuwa nimeikeshea ile kazi siku nne.
Chumba changu Kiborloni zamani kilikuwa duka la dawa za mifugo,
ukuta wa kijani ni urithi,
na usiku nazima taa ili nione vizuri.
Sioni vizuri.
Skrini peke yake gizani ni mtu anayekufokea
shibiri moja kutoka puani.
Ikifika saa nane kichwa kinagonga,
macho yana mchanga,
na jicho lililoshiba kijani
huona wekundu hata pasipo wekundu,
nami nikawa naupunguza, naupunguza,
mpaka damu ya mtoto wa watu ikaisha usoni.

"Weka mwanga nyuma," alisema Anandumi,
fundi wa Mbuyuni, waya wa solda sikioni
kama penseli ya seremala.
"Si mbele, utakuchoma. Si juu, utang'aa kiooni.
Nyuma, ukutani, kidogo tu.
Jicho linataka pa kuegemea."

Kijana wa duka la pili akanitandazia upinde wa mvua:
utepe wenye rimoti, unaocheza na muziki,
zambarau, bluu, wekundu wa baa.
"Dada, huu ndio unaotoka."
Nikamwambia nataka mweupe.
"Mweupe upi?"
Hapo nikanyamaza.
Kumbe weupe nao una koo zake:
upo wa mshumaa, upo wa wodi ya hospitali,
upo wa mchana mtupu, shuka zikiwa kambani,
elfu sita na mia tano, kwa herufi za sisimizi.
Nikachukua huo. Mita mbili, volti tano.

Nikabandika, nikachomeka kwenye USB ya monita.
Ukawaka! Nikapiga kigelegele peke yangu.
Kisha nikatazama tena: mwanzo mweupe,
katikati maziwa,
mwishoni chai.
Na monita yenyewe ikaanza kupepesa
kama mtu anayezuia machozi.

Anandumi hakucheka. Alihesabu kwa kidole chenye masizi:
"Taa sitini kila mita, mita mbili, mia na ishirini.
Kila moja inaomba miliampea ishirini.
Jumla ampea mbili na nukta nne.
Tundu lako lina nusu.
Umealika ukoo mzima kwa sufuria ya mtu mmoja."

Akanipa adapta ya ampea nne
(usinunue inayotosha, nunua inayobakiza),
akaulisha utepe ncha zote mbili
ili wa mwisho naye ale.
Volti alipima mara mbili. Ya kumi na mbili, alisema,
ingeukaanga kabla hujamaliza kusema Yesu.
Ukuta niliupaka mwenyewe, kijivu,
nusu kopo, na doa kwenye sketi ya kanisani.

Haikaeli nikamrudishia damu yake.
Mama mtu akaandika: "Sasa ni yeye."
Salio la pesa bado hajatuma.

Jana umeme ulikatika saa tatu usiku,
katikati ya kipaimara cha watu wa Uru.
Monita ikafa. Utepe haukufa:
Anandumi alishauungia betri kuukuu ya pikipiki
na kile kidude cha kushusha volti.
Ukuta ukabaki umewaka, katikati mstatili mweusi,
na ndani ya mstatili, uso.
Nilidhani ni picha iliyoganda.
Nikasogeza kichwa, nao ukasogea.

Miaka sita nasawazisha nyuso za watu.
Huu nao ulikuwa na weusi chini ya macho,
na kovu la tetekuwanga ambalo
ningekuwa nimeshalifuta kwa mteja.

Niliuangalia. Mkono ukaenda kwenye kipanya, kwa mazoea,
ukarudi.
Nje jenereta la jirani likakohoa mara tatu,
likakataa.